Chui Watatu kwa Tamthilia Moja

Mwezi uliopita mwongozaji mmoja alinitumia orodha ya mavazi ya tamthilia yake: mashuka, shanga, ngao sita, na chini kabisa akaandika "chui 3, mbega 4", yaani ngozi zao. Hadithi yenyewe ni ya bara, miaka ya 1880, misafara ya pembe ikipita kwenda na kurudi pwani. Nikampigia kumuuliza hao chui nitawatoa wapi. Akacheka. "Wewe si fundi? Kariakoo hakikosekani kitu."

Kweli hakikosekani. Chui wa Kariakoo yupo mpaka wa rangi ya waridi, anauzwa kwa mita. Lakini orodha ile ilinikaa kichwani, kwa sababu sisi tunaoshona mavazi ya kale hapa Dar es Salaam tumegawanyika. Wapo wanaosema kumvisha babu yetu plastiki ni kumdhihaki. Wapo wanaosema zama hizi hakuna sababu ya mnyama kupandishwa jukwaani akiwa maiti. Nimekaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na pande zote mbili nimepata hasara.

Nianze na lisilo na mjadala. Ngozi ya chui, ya simba, ya mbega na ya mnyama mwingine yeyote wa porini ni nyara ya Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kukutwa nayo bila kibali ni kosa hata kama hukumuua mnyama, hata kama uliikuta kwenye sanduku la marehemu babu. Hukumu za miaka 20 jela tumezisoma magazetini mara nyingi. Kimataifa nako, chui yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe wa porini walio hatarini, ambako biashara ya kawaida haina nafasi. Kwa hiyo mtu akikunong'oneza kwamba anayo "ya ukoo", muulize karatasi. Hana? Aga, ondoka.

Wengine hukimbilia wazo la kuazima makumbusho. Tuache kwamba hakuna mhifadhi mwenye akili zake atakayekupa ngozi ya miaka 100 ukatokee nayo jasho jukwaani. Kuna la hatari zaidi: ngozi nyingi za makusanyo ya zamani zilipakwa aseniki ili wadudu wasizile. Ile si nguo tena, ni sumu yenye manyoya. Ukienda makumbusho, nenda na daftari na penseli.

Kwa hiyo ugomvi wetu wa kweli si wa chui. Ni wa mbuzi.

Anayetetea ngozi halisi ana hoja nzito, na ya kwanza ni ya macho. Manyoya ya mbuzi au ya ndama hayalingani urefu. Ya mgongoni yamesimama, ya ubavuni yamelala, ya tumboni ni machache na laini. Taa ikiyapiga hayametameti, yanaimeza. Halafu kuna uzito. Nimeona mwigizaji kijana aliyekuwa anatembea kama yuko Mlimani City akibadilika mabega dakika tu alipowekewa ngozi ya ndama. Hakufundishwa na mtu. Ngozi ilimfundisha.

Hoja ya pili ni ya uchumi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, achilia mbali mbuzi na kondoo. Machinjio ya Vingunguti huchinja kila siku kwa sababu mji huu unakula nyama, na bei ya ngozi inapoanguka kuna wachinjaji wanaozitupa au kuzifukia. Mbuzi hakuchinjwa kwa ajili ya tamthilia. Alichinjwa kwa ajili ya supu. Anayeninunia kwa kuichukua ngozi yake huku mkononi ameshika mshikaki, mimi simwelewi.

Siku za Idi ya Kuchinja ndiyo neema kubwa, ila uende kwa adabu. Ngozi ya udhia haiuzwi na aliyechinja, wala mchinjaji halipwi kwa ngozi hiyo. Ukibisha hodi na noti mkononi utatazamwa vibaya. Ukieleza shida yako, utapewa bure. Na si bure tu, utapewa pamoja na sahani ya pilau.

Sasa upande wa pili wa sarafu hiyo, na hapa nina kovu. Niliwahi kununua ngozi sita za mbuzi kwa muuzaji aliyeapa kwamba zimechunwa alfajiri ileile. Nilizifikisha nyumbani saa sita mchana, nikapata wageni, nikazitia chumvi jioni. Siku ya tatu nikashika manyoya ya tumboni kwa vidole viwili, nikavuta kidogo tu, yakanifuata fungu zima na mizizi yake. Kwenye makwapa hivyohivyo. Joto la Dar halisubiri wageni waondoke: bakteria huanza kula mizizi ya manyoya saa chache baada ya kuchuna, na likishaanza hilo hakuna dawa ya kulirudisha. Chumvi iingie mara ngozi inapopoa, chumvi ya mawe iliyopondwa, karibu nusu ya uzito wa ngozi yenyewe, na isuguliwe mpaka kingoni. Sikujua kama muuzaji alinidanganya saa au mimi ndiye niliyejidanganya. Nguo ya mtemi ilitoka na upaa.

Ukivuka hapo unaingia kwenye kulainisha. Magome ya miwati, ile inayolimwa Njombe, hutengeneza ngozi imara, lakini huitia wekundu, na manyoya meupe huchafuka yakawa kama yamemwagiwa chai. Ukitaka weupe ubaki, tumia shabu na chumvi. Tatizo la shabu ni maji: ikilowana sana dawa hutoka, na ngozi ikikauka inarudi kuwa gamba. Jasho la mchezaji ngoma wa Dar mwezi wa pili ni maji ya kutosha. Ndiyo maana ndani ya kila ngozi ninayoshona naweka bitana ya pamba inayofunguka, ivuliwe na kufuliwa peke yake.

Na kuna kimeta. Wanaopenda kusema "asili haina madhara" wakumbuke kwamba mwaka 2006 mpiga ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kukwangua ngozi mbichi za mbuzi kutoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 mtengeneza ngoma wa London alifariki kwa ugonjwa huohuo. Vumbi la manyoya ndilo lililowaingia. Kwa hiyo mimi sichukui ngozi ya mnyama "aliyekufa tu" huko mashambani, hata akiwa na rangi nzuri namna gani. Nataka ya mnyama aliyepita mikononi mwa mkaguzi wa nyama. Hili pia linanirahisishia jibu la swali ambalo waigizaji wangu huuliza kabla hawajavaa: "Huyu alichinjwa?" Nikisema ndiyo, bismillahi, anavaa.

Watetezi wa manyoya bandia wakisikia hadithi hizi hutabasamu. Wao wanakata kitambaa Jumatatu, Jumatano mwigizaji anacheza, Alhamisi nguo iko kwenye beseni la sabuni. Hakuna harufu, hakuna fukusi, hakuna ukungu wa masika. Na kwa wanyama wa porini, bandia si njia ya mkato, ndiyo njia pekee halali. Afrika Kusini jambo hili limejaribiwa kwa kiwango kikubwa: waumini wa kanisa la Shembe huvaa mabega ya chui katika ngoma zao za ibada, na shirika la Panthera liliwatengenezea ya kitambaa yenye madoa ya kufanana na halisi, yakagawiwa kwa maelfu. Ikiwa ibada imeweza kukubali kitambaa, jukwaa linakataa kwa sababu gani?

Wala kughushi manyoya hakukuanza na viwanda vya plastiki. Zile kanzu za wafalme wa Ulaya, nyeupe zenye vidoti vyeusi, hutengenezwa kwa ngozi ya mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye majira ya baridi huwa mweupe wote isipokuwa ncha ya mkia. Mafundi wa kale walipopungukiwa mikia walishonea vishungi vya kondoo mweusi, na mfalme akapita watu wakainama. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba nguo mpya za Malkia Elizabeth zitakazohitaji manyoya zitashonwa kwa ya bandia.

Lakini bandia nayo ina aibu zake. Chini ya taa kali inang'aa kama nywele za mwanasesere. Ikifuliwa mara tatu inashikana vinundu. Na moto! Nyuzi zake ni plastiki, haziungui tu, zinayeyuka na kumganda mtu. Kwenye igizo lenye mienge mimi simvishi mtu manyoya bandia begani, hata mwongozaji anililie. Kuhusu ukataji, kosa ninaloliona kila wiki ni mkasi: fundi anakata juu kwa juu, manyoya yanabaki na ukingo ulionyolewa kama nyasi za uwanja wa mpira. Geuza kitambaa, chora kwa chaki mgongoni mwake, pitisha wembe kwenye kitambaa tu, kisha tenganisha kwa mikono. Ukiunganisha, chomoa kwa sindano manyoya yaliyomezwa na mshono. Hii ni sheria ya ngozi halisi pia, isipokuwa huko utahitaji sindano ya ngozi, ile yenye ncha ya pembe tatu.

Kuna hoja moja dhidi ya bandia ambayo huniumiza zaidi ya hizo za ufundi. Kila tunapomvisha shujaa madoa ya chui, hata ya kitambaa, tunamwambia mtoto aliyekaa mstari wa mbele kwamba ukubwa wa mtu ni kuvaa chui. Tunazuia ujangili kwa mkono huu, tunautangaza kwa mkono ule. Nimeitafakari sana. Naona ina ukweli, ila si kubwa kiasi cha kufuta chui kwenye historia alimokuwamo kweli.

Na hapo ndipo penye shida: alikuwamo wapi? Pande zote mbili tunabishana halisi au bandia kana kwamba orodha ya mwongozaji imeshuka kutoka mbinguni. Miaka ya 1880, kwenye njia ya misafara, mtemi mwenye nguvu aliyetaka kumtisha mgeni hakuhitaji kujifunika ngozi. Alivaa nguo. Sultani Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, meli za Salem, bandari ya huko Marekani, zikashusha Unguja vitambaa vya pamba visivyopaushwa, na ndiyo maana hadi leo tunakiita merikani. Merikani, kaniki na joho vilipanda bara kwa mabega ya wapagazi hadi vikawa kama fedha: hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye nchi ya mtemi, ililipwa kwa majora. Ngozi ya mbuzi ndiyo iliyokuwa vazi la mtu asiye na uwezo wa nguo.

Ngozi za fahari zilikuwa na pahala pake. Wangoni, waliovuka Zambezi mwaka 1835 wakija kaskazini, walikuja na ngao za ngozi ya ng'ombe na mapambo ya mikia ya ng'ombe, wanyama wa zizini si wa porini. Kilimanjaro kuna mbega mwenye manyoya meupe marefu yanayoshuka mabegani, na wapiganaji wa huko na wa Kimaasai walijipamba naye. Usambara husimuliwa habari za Mbegha, mwindaji aliyeua simba akapewa utawala, na wafalme waliomfuata wakaitwa Simba Mwene. Mnyama mmoja, mtu mmoja, sababu moja. Kuvisha chui wazee watatu wa baraza ni sawa na kuandika tamthilia ya Uingereza ukawavika taji wapishi.

Mbega nimeshampatia ufumbuzi usio wa upande wowote: katani. Singa za mkonge mweupe, zikiloweshwa, zikachanwa kwa chanuo la chuma na kushonewa kwenye kitambaa cheusi kwa safu, huning'inia na kuyumba vizuri mtu akiruka. Kwa mtazamaji aliye mita kumi, ni mbega. Kwa kamera ya karibu ni fagio, sidanganyi, kwa hiyo watu wa filamu watafute njia nyingine.

Nikamrudishia mwongozaji orodha yake imesahihishwa: chui mmoja wa kitambaa, kwa mtemi peke yake, onyesho la kutawazwa tu. Mbega wawili wa katani. Ngozi tano za mbuzi kwa wapagazi na wachungaji. Majora manne ya merikani kwa wakubwa wote waliobaki, na joho moja.

Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, sekunde nane. "Sasa fundi, wote wakivaa shuka, watazamaji watajuaje kama hawa ni watu wa kale?"

Sijamjibu bado. Ngozi ziko siku ya nne kwenye ndoo ya shabu, na mwenye nyumba ameshauliza mara mbili ile harufu inatoka wapi.