Risasi iliyopotea njia

Jana asubuhi nilikuwa kibandani kwa muuza roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, hapa Busia mpakani mwa Uganda, mayai yangu mawili yakichemka mafutani, redio ikasoma kwamba kijana fulani "amepoteza maisha baada ya kupatwa na risasi iliyopotea". Muuzaji hakuinua hata kichwa. Aligeuza chapati, akauliza: "Kama ilipotea, basi ilikuwa na safari. Ilikuwa inaenda kwa nani?"

Swali hilo limenitoa jasho, maana mimi kazi hiyo niliwahi kuifanya. Nilikuwa nikitafsiri habari kwa Kiswahili katika kituo kimoja kidogo, sitakitaja. Tamko la polisi linaingia kwa WhatsApp alfajiri, saa moja linasomwa hewani neno kwa neno. Chetu pale ni sauti ya mtangazaji tu. Siku moja Novemba 2020 niliandika "askari walimpiga risasi". Mhariri akafuta, akaweka "alifariki katika vurugu". Nilipobisha akanijibu, "Bwana, hiyo yako ni siasa." Yaani mwenye bunduki akitajwa ni siasa, akifichwa ni habari!

Mwezi ule mnaukumbuka. Tarehe 18 Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani Uganda, akakamatwa Luuka, eti kavunja masharti ya korona, miji ikawaka, wakafa watu wasiopungua 54. Elly Tumwine, waziri wa usalama wakati huo, akasema mbele ya waandishi kwamba polisi wana haki ya kukupiga risasi na kukuua ukifikia kiwango fulani cha fujo. Waziri mwenyewe hakuona haya kumtaja anayepiga na anayepigwa. Sisi wa redioni ndio tuliomsitiri, tena bila kuombwa. "Kupoteza maisha"! Kama mtu aliyedondosha funguo sokoni, akirudi nyuma kidogo ataziokota.

Halafu kuna yule aliyebebwa na "droni", jina la mtaani la ile gari isiyo na namba inayokamata watu. Wiki tatu mkewe anazunguka vituo vyote na sahani ya chakula, na taarifa inasema "anaisaidia polisi katika uchunguzi". Anasaidia!

Haya, upinzani nao si malaika. Kamera yao huelekezwa pale watu walipobanana, umati uonekane mkubwa. Na hofu ya wahariri naielewa, shingo upande: mwaka 2013 polisi walilifunga gazeti la Daily Monitor siku 10 kwa sababu ya barua moja ya jenerali. Lakini barua ile ilikuwa habari nzito. Kuandika "askari alipiga" kunahitaji ujasiri gani, kama kila aliyekuwa barabarani aliona?

Roleksi yangu ilikuja imefungwa kwenye gazeti la zamani. Nikalisoma huku nikitafuna. Kichwa cha habari kilisema hali imedhibitiwa. Nikakunjua nione imedhibitiwa na nani, nikakuta mafuta yamekwisha kufika hapo.