Poda ya kutuliza farasi inamtuliza nani hasa?

Uliza ni kirutubisho kipi kinachomfaa farasi mwenye woga, na majibu yatakumiminikia: magnesiamu, triptofani, maua ya kamomili, vitamini B1. Wachache watakurudishia swali: anaogopa nini, tangu lini, akiwa wapi? Mimi naona poda nyingi za kutuliza huingia kwenye ndoo ya chakula kabla mwenye farasi hajajua anatibu nini.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Kushtuka kumo kwenye damu yake, na hakuna poda ya kuiondoa hali hiyo, wala sitamani iwepo. Ila farasi aliyekuwa mtulivu mwezi uliopita, na leo anakurupuka kila akifungwa tandiko, mimi humhesabu kuwa ana maumivu mpaka daktari wa mifugo aseme sivyo. Inaweza kuwa mgongo, meno, kwato, au tandiko linalobana mabega. Inaweza kuwa tumbo pia, na hili la tumbo watu hulipita haraka mno. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, awe anakula au amekaa tu, kwa kuwa ni mnyama wa kutafuna kidogo kidogo mchana na usiku. Akinyimwa majani kwa saa nyingi, asidi ile inachoma sehemu ya juu ya tumbo, ambayo haina ute wa kuikinga. Vidonda vya namna hii vimejaa kwa farasi wa mbio, na njia ya kuvithibitisha ni daktari kupitisha kamera ndefu puani hadi tumboni. Mwenye kidonda atakunja masikio ukikaza mkanda wa tandiko, atakataa kwenda mbele, na ataitwa mkorofi. Kamomili haitamsaidia.

Halafu kuna ndoo yenyewe. Farasi wa kilo 500 anahitaji kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, yaani asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Wapo wanaopewa nusu ya hapo, pengo likajazwa nafaka zenye wanga mwingi, kisha farasi akafungiwa bandani peke yake asione mwenzake. Kumwongezea poda ya utulivu juu ya nafaka ile ni kumwagia moto maji huku unaupuliza.

Tuseme hayo yote yamekaguliwa, farasi ni mzima na bado ana woga. Sasa twende kwenye poda.

Magnesiamu ndiyo maarufu kuliko zote, na hoja yake si ya kubeza: mnyama aliyepungukiwa nayo huwa na misuli inayotetemeka na wasiwasi. Lakini piga hesabu kwanza. Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji takriban gramu 7.5 kwa siku. Nyasi kavu yenye gramu 1.5 tu kwa kila kilo itampa gramu 15 akila kilo 10. Amekwisha kupata mara mbili ya mahitaji yake kabla hujafungua mkebe. Ningeinunua ikiwa tu nyasi zimepimwa maabara zikaonekana maskini.

Triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini, inanitia shaka zaidi. Mwili huitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na utulivu, na kwenye karatasi jambo hilo linapendeza. Lakini mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa kiasi kidogo kinaweza kumchangamsha farasi badala ya kumtuliza, na kiasi kikubwa kwa mdomo kinaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Vitamini B1 ina kazi kwa aliyepungukiwa nayo, basi. Valeriani, mzizi wa mmea wa kutuliza, ina nguvu ya kweli, na ndiyo maana kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, haziiruhusu mashindanoni. Neno "asilia" kwenye mkebe halitakuokoa mbele ya kipimo cha dawa zilizokatazwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalizungumzii. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden waliwaambia watu wanaoongoza au kupanda farasi kwamba wakipita mahali fulani, mwavuli ungefunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nayo. Sasa mfikirie mpandaji aliyelipia poda na kuiamini. Anakaa amelegea, mikono haivuti hatamu, pumzi zinashuka vizuri. Farasi anatulia. Sifa zinakwenda kwa mkebe.

Kwa hiyo ukiamua kujaribu, chagua bidhaa yenye kiungo kimoja au viwili, kila kimoja kikiwa kimeandikiwa gramu zake. Lebo inayosema "mchanganyiko maalumu" bila kiasi, iache dukani; katika nchi nyingi bidhaa hizi huhesabiwa kuwa chakula, si dawa, na muuzaji halazimiki kuthibitisha kwamba zinafanya kazi. Usibadilishe kitu kingine wakati huohuo, iwe ratiba, lishe au mwalimu. Mwombe mtu mwingine achanganye chakula, wiki mbili na poda, wiki mbili bila poda, na mpangilio asikwambie. Wewe andika kila siku: alishtuka mara ngapi, kwa kitu gani, alichukua muda gani kurudi kawaida. Ukiweza, pima mapigo ya moyo akiwa amepumzika. Ya kawaida kwa farasi mzima ni 28 hadi 44 kwa dakika.

Mwisho wa wiki nne fungueni madaftari yenu pamoja. Kama huwezi kutambua wiki zipi zilikuwa za poda, hela ya mkebe unaofuata ipeleke kwenye nyasi, au kwa mwalimu atakayemzoesha farasi wako kile anachokiogopa, kwanza kwa mbali, kisha hatua kwa hatua.