Kijiko Kimoja cha Unga

Nilikuwa nimeshamaliza nusu ya sahani ndipo nikamuuliza shangazi mbona mchuzi wake siku hiyo ulikuwa mzito vile. Akanijibu huku akiosha mwiko, "Niliutia kijiko kimoja cha unga wa ngano, mwanangu, ushikane. Kidogo tu." Hilo la mwisho alilisema kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi. Nikaweka kijiko chini.

Shangazi alijua kuwa nina ugonjwa wa siliaki, yaani mwili wangu haupatani na ngano. Mkate wa wengine alikuwa ameusogeza mbali nami, wali wangu aliupakua kabla ya mtu yeyote hajagusa sufuria, na mchuzi wenyewe aliupika kwa ajili yangu. Simlaumu hata chembe. Lakini usiku nilitapika mpaka nikaishiwa nguvu, na kwa siku tatu kichwa kilikuwa kizito na tumbo limevimba, siwezi kufunga kifungo cha sketi. Nikiwa nimelala pale nilipata muda wa kulifikiria neno lake. Huu ni mwaka wa sita naishi na ugonjwa huu, na naamini kabisa kwamba kinachotuumiza si mkate. Mkate tunauona, tunaukwepa. Kinachotuumiza ni "kidogo tu".

Tupige hesabu. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida wa ngano kina gluteni, kile kitu cha ndani ya ngano kinachotudhuru, kiasi cha gramu mbili, yaani miligramu 2,000, na pengine zaidi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ambao wagonjwa wa siliaki waliokwisha kuzoea kula bila gluteni walipewa vidonge kila siku kwa siku 90: wengine vidonge visivyo na gluteni, wengine vya miligramu 10, wengine vya miligramu 50. Waliopewa 50 utumbo wao ulionekana umeanza kuharibika upya. Miligramu 50 ni sawa na kukata kile kipande cha mkate mara arobaini na kula sehemu moja kwa siku. Sasa rudi kwenye mchuzi wa shangazi. Kijiko kikubwa cha unga wa ngano kina uzito wa gramu nane hivi, na karibu sehemu moja ya kumi ya unga huo ni gluteni. Hata ukigawa sufuria nzima kwa watu wanane, sahani yangu ilikuwa na takribani miligramu 100. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za vyakula zinataka kinachouzwa kwa jina la "bila gluteni" kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo nzima.

Watu wengi wanadhani gluteni kwetu ni kama pilipili kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo: ikizidi inachoma, ikipungua unavumilia. Sivyo ilivyo. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine ya jamii ya ngano), na tumbo la binadamu yeyote halimalizi kuisaga. Hubaki vipande virefu virefu. Kwa watu wengi vipande hivyo hupita bila shida. Kwa mwenye siliaki huingia kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, kimeng'enya kimoja cha mwili wenyewe kinavigeuza kidogo umbo, na askari wa kinga wanaviona kama adui. Kisha wanakishambulia hata kile kimeng'enya, na ukuta uliokibeba. Askari hahitaji kuona jeshi zima la adui ili apige baragumu. Akimwona mmoja anatosha. Kwa hiyo huu si mzio, wala si tumbo dhaifu. Ni kinga ya mwili inayoupiga mwili wake.

Kinachobomolewa ni vijinyuzi vidogo mno, mfano wa vidole, vilivyotanda ndani ya utumbo mwembamba. Hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula. Daktari alinionyesha picha ya utumbo wangu: pale palipotakiwa kuwa kama zulia jipya, palikuwa pamelala bapa, kama zulia la mlangoni lililokanyagwa miaka. Unakula unashiba, lakini madini ya chuma hayaingii, vitamini ya foliki haiingii, kalsiamu haiingii. Hata maziwa yanaanza kukusumbua, kwa sababu kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa hutengenezwa kwenye ncha za vijinyuzi hivyo hivyo.

Mimi sikuwahi kuharisha. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu lilinipotezea miaka mingi. Nilikuwa na upungufu wa damu usioisha, vidonda vya mdomoni vinavyokuja na kuondoka, na uchovu ambao usingizi haukuugusa. Kila nilikokwenda nilipewa vidonge vya chuma na kuambiwa wanawake ndivyo tulivyo, damu inapotea kila mwezi. Nilivimeza kwa uaminifu, na damu haikupanda. Hakuna aliyejiuliza kwa nini chuma kinaingia mdomoni lakini hakifiki kwenye damu, mpaka siku daktari mmoja kijana aliponiuliza swali hilo hilo, akaandika kipimo kimoja cha damu cha kutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo kinga ya mwili hutengeneza dhidi ya inachokiona adui. Miongoni mwa kila watu mia moja duniani, takriban mmoja ana siliaki, na wengi wao hawajui. Wengine wana mifupa inayovunjika mapema, wengine mimba zinatoka, wengine ni watoto wasiorefuka, wengine wana upele unaowasha viwikoni na magotini. Mtu mwenye upele kiwikoni atawaza vipi kuhusu mkate?

Hapa nina jambo ambalo namwomba msomaji alishike: usiache ngano kabla ya kupimwa. Najua inavyokuwa. Mtu amesoma mahali, ameacha mkate wiki sita, tumbo limetulia, ndipo anakwenda hospitali. Kingamwili zimeshashuka, utumbo umeanza kupona, vipimo vinatoka safi, naye anaambiwa hana kitu. Ili apate jibu la kweli itabidi arudi kula ngano kwa wiki kadhaa na kuumwa upya. Kwa mtu mzima kwa kawaida jibu linakamilika kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo. Endelea kula ngano hadi siku hiyo. Na ukishajua unao, waambie wazazi wako, ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wapimwe, hata wasiolalamika. Kati ya ndugu wa karibu kumi, yumkini mmoja anao. Kaka yangu bado anakataa. Anasema yeye tumbo lake ni zima, na kila akisema hivyo nakumbuka kwamba langu nalo nililiita zima.

Ukweli kwamba ngano ndiyo mkosaji haujulikani tangu zamani. Daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem Dicke, alikuwa na shaka hiyo tangu miaka ya 1930, na vita vikaja kumthibitishia. Katika msimu wa baridi wa 1944 hadi 1945 Uholanzi ilipatwa na njaa kali, na mkate ukaadimika kabisa. Watoto wenye siliaki, katikati ya njaa ile, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Mwaka 1950 Dicke aliyaandika matokeo yake katika tasnifu ya udaktari. Mpaka leo, miaka zaidi ya sabini baadaye, tiba ni ile ile: acha gluteni, maisha yote. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa. Tiba yetu yote iko mikononi mwa anayepika. Kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mgonjwa wa maradhi mengine humeza dawa yake mwenyewe, lakini mimi dawa yangu huweza kuharibiwa na mtu anayenipenda, akiwa na mwiko.

Nyumbani kwangu somo lilianzia kwenye siagi. Miezi minne baada ya kuacha ngano nilikuwa bado naumwa, na kingamwili zilikuwa hazishuki inavyotakiwa. Nilipekua kabati zima, nikasoma kila pakiti. Kisha asubuhi moja nikamwangalia mume wangu akipaka mkate. Kisu kilichota siagi, kikapita juu ya mkate, kikarudi kwenye kopo kuchota tena. Alipoondoka mezani nikalifungua lile kopo na kuliinamisha dirishani kwenye mwanga. Siagi ilikuwa na madoa ya kahawia, madogo kama mbegu za mchicha, kila mahali, mengine yamezama chini kabisa. Nilikuwa nakula mkate wake kila siku, miezi minne, juu ya viazi vyangu.

Tangu siku hiyo nina kopo langu, limezungushiwa utepe wa bluu. Tosta ni yangu peke yangu, maana ile ya zamani ukiigeuza inamwaga makombo ya mwaka. Chujio la tambi nimenunua jipya, kwa kuwa unga unaganda kwenye vitundu na hautoki hata usugue vipi. Miiko ya mbao na ubao wa kukatia vivyo hivyo. Mafuta yaliyokaangiwa kitu chenye unga wa ngano siyatumii, kwa sababu moto hauiui gluteni. Si kidudu ile. Kwenye lebo nimejifunza kuogopa neno kimea, ambalo mara nyingi ni shayiri, na sosi ya soya, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na ngano. Semolina, bulguri, kuskusi na spelta ni ngano kwa majina mengine. Na "bila ngano" si "bila gluteni": shayiri nayo haina ngano. Oti, nafaka nyingine inayopikwa uji, zina habari yake. Wengi wetu wanaziweza kama hazikuchanganyika na ngano shambani au kiwandani, wachache hawaziwezi kabisa, na mimi nilizijaribu baada tu ya kuzungumza na daktari.

Kula kwenyewe si kugumu kama watu wanavyotuonea huruma. Mchele, mahindi, mtama, ulezi, viazi, muhogo, maharage, mayai, samaki, nyama, matunda na mboga vyote kwa asili havina gluteni, na chakula kinachotoka shambani kimenipa nguvu kuliko biskuti za "bila gluteni", ambazo nyingi zina sukari na mafuta mengi na nyuzinyuzi chache. Chakula hakinilizi. Kinachonichosha ni kuuliza. Kuuliza kila mahali, kila mara, mbele ya watu, huku mwenyeji akiwa amesimama na sahani mkononi.

Kuna wanaoacha gluteni kwa hiari, na sina ugomvi nao. Kila mtu na mwili wake. Ila nawaomba jambo moja. Ukimwambia mpishi huli gluteni, akahangaika kukupikia peke yako, kisha mwishoni ukakubali kipande cha keki kwa sababu inanukia vizuri, yule mpishi amejifunza kitu. Amejifunza kwamba watu hawa kumbe kidogo wanaweza. Na anayefuata kuingia jikoni kwake na ombi kama hilo huenda ni mimi.

Wala sijitoi mimi mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilionja pembe ya keki kwenye sherehe ya kazini. Nikangoja usiku kucha, hakuna kilichotokea. Wiki iliyofuata nikala tena, na tena, kwa muda wa miezi mitatu, kila mara kidogo tu. Kipimo cha damu kilichofuata kingamwili zilikuwa zimepanda karibu kama siku ya kwanza. Sikuwa nimeumwa hata siku moja. Utumbo unaweza kubomoka kimyakimya, na kwa mtu mzima kuujenga upya huchukua miezi mingi, kwa wengine miaka. Ndiyo maana hata mgonjwa anayesema hasikii chochote akila, tafadhali usimkatie kipande.

Kwa shangazi nilirudi baada ya mwezi. Sikumpa hotuba. Niliomba tukae jikoni, nikachota unga wa ngano kwenye ncha ya kijiko cha chai, nikaumwaga mezani na kuugawa kwa kisu mpaka kikabaki kifungu kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. "Hiki," nikamwambia, "kinatosha, shangazi." Aliinama akakitazama muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Na ule mchuzi?" Nikamwambia ukweli. Akaufuta unga ule kwa kitambaa kilicholowa, akakitupa na kitambaa chenyewe.

Juzi alinipigia simu, sufuria ikiwa motoni, nilisikia inavyochemka. Alikuwa ameshika pakiti ya viungo vya mchuzi, ananisomea mstari kwa mstari, kwa shida kwa sababu maandishi ni madogo: chumvi, vitunguu, sukari, wanga uliobadilishwa.

"Wanga wa nini?" nikauliza.

"Hawakusema."

Nilimwambia kwamba pengine ni wa mahindi, kwamba labda hauna neno. Akanikatiza.

"Pengine sitaki," akasema. "Nitakata nyanya nyingine."