Tufaha kwanza, grafu baadaye: watu na ardhi darasani

Kuna somo la jiografia linalofundishwa kwa tufaha na kisu. Mwalimu anakata tufaha vipande vinne na kuweka vitatu pembeni: hiyo ni bahari. Robo iliyobaki, yaani nchi kavu, anaigawa nusu. Nusu moja ni majangwa, barafu na vilele vya milima. Ile nyingine anaikata tena mara nne, na katika vipande hivyo vyembamba anaweka vitatu kando kama ardhi isiyofaa na kubakiza kimoja tu, 1/32 ya tufaha zima. Kisha anamenya ganda lake na kuliinua kwa ncha ya kisu ili hata waliokaa nyuma walione. Huo, anasema, ndio udongo unaotulisha wote.

Somo la pili ni la grafu. Watu bilioni 1 mnamo 1804 hivi, bilioni 2 mwaka 1927, bilioni 4 mwaka 1974, bilioni 8 Novemba 2022. Mstari unapanda kama ukuta, na mwanafunzi hahitaji kuambiwa aogope.

Juu ya grafu hiyo walimu hawasemi lugha moja. Wapo wanaoona kwamba bila kuhesabu watu, habari yote ya misitu na udongo ni porojo. Wengine wanasema ukishaifungulia mada hiyo mlango darasani, umewafundisha watoto kuwaona binadamu wenzao kama nzige.

Wa kwanza wana hoja nzito. Nchi ambayo kila mama sasa anazaa watoto wawili tu inaweza kuendelea kuongezeka watu kwa miongo kadhaa, kwa sababu wasichana waliozaliwa enzi za familia kubwa bado wanafikia umri wa kuzaa, nao ni wengi kuliko wazee wanaofariki. Jambo hili halijidhihirishi lenyewe. Linahitaji ubao na hesabu, mstari kwa mstari. Asiyefundishwa ataona msitu unazidi kusogea mbali mwaka hadi mwaka, kisha ataanza kutafuta mchawi.

Upande wa pili, hata hivyo, una kumbukumbu mbaya. Mwaka 1798 mwanauchumi Mwingereza Thomas Malthus alidai kwamba watu huongezeka kwa kuzidishwa ilhali chakula huongezeka kwa kujumlishwa tu. Miaka ya 1960 wakatokea wataalamu waliotabiri kwamba mamia ya mamilioni wangekufa kwa njaa. Haikutokea kwa ukubwa huo. Mbegu mpya, mbolea na umwagiliaji vilipandisha mavuno. Lakini hofu ilikuwa imeshafanya kazi yake. India, mwaka 1976, mamilioni ya wanaume walifungwa uzazi, wengi wao kwa shinikizo la serikali. China ikashikilia sera ya mtoto mmoja hadi mwishoni mwa 2015. Na mtoto wa sita wa familia yake, aliyeketi dawati la mbele, anasikia nini akiambiwa watu wamezidi?

Isitoshe, ukuta ule wa kwenye grafu umepitwa na wakati. Kasi ya ongezeko la watu duniani ilipita asilimia 2 kwa mwaka katika miaka ya 1960, na sasa iko chini ya asilimia 1. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanaweka kilele cha idadi ya watu kwenye bilioni 10.3 hivi, katikati ya miaka ya 2080. Mwalimu anayeishia kwenye bilioni 8 bila kuonyesha mstari unavyoanza kulala amefundisha nusu ya somo.

Mfano unaopendwa sana ni wa reinda, wanyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Mwaka 1944 reinda 29 walipelekwa kisiwa cha St. Matthew katika Bahari ya Bering, pasipo mnyama wa kuwawinda. Kufikia 1963 walikuwa 6,000 hivi. Walimaliza kuvumwani, uoto unaokua taratibu mno, ukaja msimu mkali wa baridi, na mwaka 1966 wakahesabiwa 42 tu. Ni mfano mzuri wa uwezo wa ardhi kubeba viumbe. Ila reinda hachimbi matuta. Huko Machakos, Kenya, watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya 1930 na 1990, na mmomonyoko wa udongo ukapungua, kwa kuwa mikono ilipatikana ya kuchimba matuta na soko lilikuwa karibu. Si kila mahali pana soko karibu, kwa hiyo nisingeufanya mfano huo kuwa sheria.

Mimi ningeanza na tufaha, lakini hata hilo nalitilia shaka mahali pamoja. Piga hesabu: 1/32 ya uso wa dunia ni takriban hekta bilioni 1.6, na kweli hicho ndicho kiasi cha mashamba yote ya mazao. Lakini malisho ya kudumu ya mifugo ni kama hekta bilioni 3.2, yaani vipande vingine viwili vya ukubwa uleule, ambavyo mwalimu ameviita ardhi isiyofaa. (Sehemu kubwa haifai kulimwa kweli, lakini si yote.) Hapo swali linabadilika. Mtu mmoja anayekula nyama kila siku na mwingine anayeila kwa nadra huhesabiwa sawa kwenye grafu, ila kwenye tufaha hawachukui kipande kimoja. Mwanafunzi aliyeanza hapa, akifika kwenye mstari wa bilioni 8, atauliza ardhi wanaitumiaje. Aliyeanza na mstari atauliza nani wapunguzwe.

Bado kuna kasoro ya pili, na hii ndiyo inayonikera. Tufaha linahesabu kile kinachomlisha binadamu pekee. Kinamasi na msitu mnene vinawekwa kando kama makapi, ingawa vinachuja maji, vinarudisha mvua angani na kuhifadhi viumbe ambao kugeuzwa kwa makazi yao kuwa mashamba ndiko kunakowamaliza zaidi nchi kavu. Kwa hiyo vipande vya pembeni vinapaswa kurudi mezani kabla ya kengele. Shida ni moja tu, ya kawaida kabisa: wanafunzi wakishasikia havifai, huvila.