Chura Hana Suruali, Mimi Nimebeba Barua ya Posa

Jana jamani. Mi ndo mshenga, kanzu nimeipiga pasi ya mkaa maana umeme mnaujua wenyewe, barua ya posa nimeifunga kwenye kitambaa, nasimamisha bajaji. Sijakaa vizuri spika ikalipuka, dingi dingi dingi! Dogo nini hiki? Eti mzee tulia, flashi ina albamu nzima ya Crazy Frog, yule chura wa katuni, inaitwa Crazy Hits ya 2005, nyimbo za watu kazivamia chura.

Sasa hiyo sauti ilianza 1997, jamaa wa Sweden anaitwa Daniel Malmedahl anaigiza kwa mdomo mlio wa pikipiki, zile za kuchanganya oili na petroli. Baadae Erik Wernquist akatengeneza kikatuni kinachoendesha pikipiki isiyoonekana, wauza miito ya simu wakakidaka, ikaja Axel F ya chura, muziki wa Harold Faltermeyer wa 1984 kauvamia, ikakaa namba moja Uingereza, bendi ya Coldplay wakabaki wanaangalia. Kwa mlio wa pikipiki! Mtaani kwetu watoto wanaiga bodaboda tangu hawajaota meno na hakuna aliyenunuliwa hata soda. Na mimi nalipa nauli nisikilizishwe injini juu ya injini.

Tukafika ukweni. Wazee wamekaa kwenye mkeka, nashuka na heshima zangu, nimetayarisha na kikohozi kabisa. Dogo akageuza bajaji, mgongo ukawaelekea wazee, na mgongoni kabandika stika ya yule chura. Helmeti anayo, koti analo, suruali hana, na kile kiungo kilichofanya Waingereza waandike malalamiko kipo wazi kabisa.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Mshenga, huyo aliyebandikwa hapo ndo muoaji?"

Nikamwambia dogo ondoka. Haondoki, hana chenji! Akakimbilia dukani kaiacha bajaji inaimba Popcorn, ule muziki wa Gershon Kingsley wa 1969 ambao haukumkosea mtu yeyote. Mi nasema tumekuja kwa nia njema, chura anadakia bem bem, nasema kijana wetu ana kazi, chura bem bem, watoto wa mtaa wanacheza, bibi wa binti anatikisa kichwa kabisa, mzee mmoja kaficha uso kwa kofia mabega yanatetemeka. Nikasema na wewe chura si uninyamazie nimalize sentensi moja tu! Nikajikuta nimesimama nagombana na spika mbele ya wakwe.

Barua wamepokea, tusubiri majibu.

Dogo karudi kanirudishia mia tano na pipi nne. Eti dukani hawana chenji. Hivi sarafu za nchi hii zinalala wapi? Kila duka pipi, kila duka kiberiti, ila wewe wapelekee hizo pipi ununue chumvi uone utakavyoangaliwa, na juzi kuna mmoja alinipa bigijii mbili nina jino bovu na analijua.