Chai mbili tofauti

Juzi nilimpeleka Mjerumani mmoja kuangalia godauni Baba Dogo, hapa Nairobi. Alikuja na faili safi kabisa, maswali yamepangwa kwa namba, lakini mwenye godauni akaagiza chai na mandazi akaanza kumuuliza habari za watoto, dakika arobaini zikapita bei haijatajwa, jamaa anaangalia saa tu. Akaninong'oneza, "kwani huyu hataki kukodisha?" Nikamwambia wee kunywa chai.

Kuna watu husema hizi desturi zetu ndio hufukuza wawekezaji. Kwa karatasi tulikuwa sawa, ripoti ya Benki ya Dunia ya 2020 kuhusu wepesi wa biashara ilituweka Wakenya nafasi ya 56. Sasa angalia mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop, megawati 60 hivi, laiseni zilikuwepo, wenyeji wakakataa na 2016 ukafa. Laiseni haikai kikao na majirani.

Lakini pia desturi hulipa, tena sana. M-Pesa ilipojaribiwa 2005 lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo, wao wakaanza kutumiana pesa wenyewe. Hakuna sheria inasema ukipata kazi Nairobi utumie mama kitu, lakini jaribu kuacha uone utasemwa vipi Krismasi. Hiyo aibu ndio Vodafone wa Uingereza, walioanzisha M-Pesa na Safaricom, walivuna, si tangazo la redio.

Halafu kuna ile chai ingine, ya bahasha. Hapa watetezi wa utamaduni wananipoteza kabisa. Sheria ya hongo ya 2016 inataka kampuni iwe na utaratibu wa kuzuia hongo, na Wamarekani wana yao tangu 1977 inawafuata hadi huku, kwa hivyo anayeogopa kesi kwao akiona faili lake "limepotea" mara ya tatu anafunga virago, anabaki yule hana wa kumuuliza. Mi naona bahasha haipunguzi wawekezaji vile tunadhani, inatuchagulia, na inatuchagulia vibaya.

Ile ya mandazi nayo huchagua, lakini kwa subira. Mzee akamaliza kikombe cha pili, akauliza kama mgeni atakuwa anafunga geti usiku juu jirani ana mtoto mdogo. Jamaa akasema ndio. Hapo ndio bei ikatajwa, na ilikuwa chini ya ile aliandikiwa kwa barua pepe.