Bafa iwe ya nani? Kusoma faili mstari kwa mstari ndani ya intapreta

Faili la megabaiti 1 lina baiti 1,048,576. Intapreta (programu inayoendesha msimbo wa lugha kama Python) ikiiomba keneli, kiini cha mfumo endeshi, baiti moja moja, itabisha hodi zaidi ya mara milioni moja. Ikichota baiti 8,192 kila safari, mara 128 zinatosha. Kuhusu haja ya bafa (hifadhi ya muda ya data iliyochotwa kwa wingi) hakuna ubishi. Ubishi ni nani aishike: maktaba ya C, au intapreta yenyewe?

Wanaotetea maktaba ya C wana hoja nzito. Msimbo upo tayari, umezoeleka, na moduli zilizoandikwa kwa C hutumia faili lilelile bila kugongana. Kasoro iko kwenye zana. getc, inayosoma herufi moja, hufunga na kufungua kufuli (kinga ya nyuzi za programu zisigongane) kwa kila herufi. fgets, inayosoma mstari mzima, ina kasi, lakini haisemi imesoma baiti ngapi. Lugha ya Lua, toleo la 5.1, ilipima urefu kwa strlen (inayohesabu hadi baiti ya sifuri) baada ya fgets, hivyo mstari wenye baiti ya sifuri katikati ulikatwa hapo na uliofuata ukaungwa juu yake. Lua 5.3, ya mwaka 2015, iliacha njia hiyo: penye POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix), hufunga kufuli mara moja kwa kila kipande cha bafa, husoma kwa getc_unlocked (getc isiyogusa kufuli), kisha hufungua.

Python 2.1 ilikuwa na mbinu nzuri sana kwa mifumo isiyo na getc_unlocked. Ilijaza bafa nzima alama za mstari mpya, ikaita fgets, kisha ikatafuta kwa memchr (kitafuta baiti) alama ya kwanza. Ikifuatwa na sifuri, ambayo fgets huiweka mwishoni, imeandikwa na fgets. Isipofuatwa, ni mabaki ya kujaza, yaani faili limeisha bila mstari mpya.

Intapreta ikishika bafa yake, kazi hunyooka: ita read (ombi la kusoma kwa keneli), tafuta kwa memchr, kata kipande, tengeneza stringi mara moja. Mstari usipoisha, jaza tena na uendelee kutafuta pale ulipoishia. Ukirudi mwanzo kila mara, mstari mrefu utakula muda kwa kipeo cha pili cha urefu wake.

Hatari ni bafa mbili zisizojuana. Katika Python 2, kitanzi cha for kilichota baiti 8,192 pembeni, huku readline haijui. Ukizichanganya, unapata ValueError. Tena ilichota kwa fread, ambayo husubiri bafa ijae, kwa hiyo mtu aliyeandika mstari kwenye terminali hakujibiwa. read hurudisha kilichopo. Python 3 ilipitisha usomaji wote kwenye bafa moja. Gharama yake ni kwamba tell(), inayoeleza umefika wapi kwenye faili, hukataliwa ndani ya kitanzi cha for cha faili la maandishi.

Kwa maoni yangu intapreta ishike bafa, ila iwe moja kwa kila faili na kila njia ya kusoma ipitie hapo. Sheli (programu inayopokea amri, kama Bash) ndiyo inayostahili kuachwa nje ya kanuni hii: amri ya read ya Bash husoma bomba (data inayotoka programu nyingine) baiti moja moja kwa sababu amri inayofuata hurithi ingizo hilohilo, na kilichokwisha kuchotwa hakirudishiki. Kwenye faili la kawaida huchota kwa wingi, kisha hurudi nyuma kwa lseek (ombi la kuhamisha nafasi ya kusoma).

Kabla ya kuitoa intapreta yako, ijaribu hivi, ukiipa programu inayorudia kila mstari inaousoma:

(echo a; sleep 5; echo b) | programu

Herufi a isipotokea kabla ya sekunde 5 kuisha, kuna bafa inayosubiri kujaa.